Upinde wa vipande viwili: kisa cha kiungo kilichoachia kwenye mshiko

Kisa hiki kilitokea kwenye karakana moja ya mitumbwi kando ya Ziwa Victoria, upande wa Mwanza. Majina ya watu, kijiji na kikundi yameondolewa. Nami nilihusika, maana niliitwa kutazama upinde wa kwanza ulipoachia, kisha nikawa mshauri wa upinde wa pili. Vipimo nilivyoviandika ni vya upinde wenyewe, kwa hiyo msomaji aliye na msumeno na tupa anaweza kuvijaribu.

Chanzo cha kazi

Usukumani upinde si kitu kigeni. Sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanakijiji, walipoibuka huku na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, silaha yao ilikuwa upinde na mishale, na mpaka leo hukosi kuuona mmoja ukutani kwa mzee wa kijijini. Pinde hizo nyingi ni fimbo nzima ya mkole au mti wa jamii hiyo. Zimechongwa kwa panga na kisu, mshiko wake ni mwembamba karibu sawa na sehemu nyingine, na upinde wote unapinda pamoja na mshiko. Ni fupi, na mpigaji havuti mbali.

Kikundi cha ngoma kilitaka kitu kingine. Huwa kinawapokea wageni, hasa karibu na msimu wa Bulabo, sherehe ya Juni pale Bujora ambapo Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma ya Kisukuma, hushindana kucheza. Baada ya ngoma wageni hupewa upinde wajaribu kulenga kiroba cha majani. Pinde za kawaida zilikuwa zinavunjika. Mtu mzima mwenye mikono mirefu anavuta mpaka shavuni, kama alivyoona kwenye filamu, na upinde mfupi haujaumbwa kwa hilo. Kiongozi wa kikundi alikwenda kwa fundi mitumbwi anayemfahamu akamwambia, "Fundi, nataka upinde mrefu, wenye mshiko mnene usiopinda, mtu avute mpaka shavuni usivunjike."

Hesabu ya urefu si ngumu. Mtu mzima anayevuta mpaka shavuni huvuta kama inchi 28. Kwa upinde wa mshiko mgumu mafundi wengi huchukua mvuto mara mbili, kisha huongeza urefu wa sehemu isiyopinda. Hapa sehemu hiyo ni inchi 10, kwa hiyo jumla ni inchi 66, sawa na sentimita 168.

Kazi ilikwama hapo. Mkole hukua kichaka chenye mashina mengi. Kupata shina moja lililonyooka kwa karibu mita mbili bila fundo na bila kujisokota ni bahati, na mashina ya namna hiyo hukatwa mapema kwa ajili ya fimbo, mipini na kuni. Vipande vya mita moja, kwa upande mwingine, vinapatikana hata kwa muuza kuni. Fundi akaamua kuunga vipande viwili katikati. Kwake lilikuwa jambo la kawaida, kwa sababu mbao za mtumbwi huungwa kila siku.

Mzee mmoja wa kikundi alipopita karakanani na kusikia mpango, baada ya shikamoo na marahaba alitikisa kichwa: "Uta hauungwi, mwanangu. Huo utakuwa kiraka." Kwa pinde alizozijua, zile zinazopinda mpaka kwenye mshiko, alikuwa sahihi kabisa. Lakini kuunga kwenye mshiko mgumu ni kazi ya kale duniani. Waturuki waliunganisha vipande vya mbao kwa ncha za umbo la V ndani ya pinde zao za pembe na kano, na Waingereza wa karne ya 19 waliunga vipande vifupi vya myuu, mti wa pinde wa Ulaya, kwa pinde za michezo. Sharti ni moja tu, kwamba mahali penye kiungo pasipinde.

Upinde wa kwanza

Fundi alichukua vipande viwili vya mkole kutoka mashina tofauti. Kimoja kilikuwa kimekaa juu ya kenchi muda mrefu. Kingine kilikuwa kimekatwa karibuni, kikavu kwa kukishika tu. Aliviunga kwa mshazari wa mtumbwi. Alikata ncha ya kila kipande kwa mteremko kutoka mgongoni kwenda tumboni (mgongo ni upande unaoelekea shabaha, tumbo ni ule unaomtazama mpigaji), akailaza miteremko hiyo mmoja juu ya mwingine. Kiungo kilikuwa na urefu wa sentimita 10, na mshiko unene wa sentimita 4. Alisugua nyuso kwa msasa laini mpaka zikateleza, akapaka gundi nyeupe ya mbao, akabana kwa klampu, kisha akapiga misumari miwili midogo kupitia kiungo ili kisiteleze gundi ikiwa bado mbichi.

Baada ya kuchonga mikono yote miwili (sehemu zinazopinda, juu na chini ya mshiko), aliuweka upinde kwenye mti wa kusawazishia, yaani nguzo yenye kitako cha kuushikilia mshiko na roda chini yake, ukivutwa kwa kamba. Huo ulikuwa uamuzi mzuri kuliko yote ya siku ile, maana kiungo kilifunguka ghafla mvuto ulipokuwa kama inchi 20. Mkono wa juu uliruka ukagonga ukuta wa bati. Aliyekuwa anavuta kamba alikuwa amesimama hatua kadhaa kando, hakuguswa. Kama angekuwa ameushika mkononi, ile ncha ingekuja usoni.

Ushahidi ulioachwa na mpasuko

Fundi alikuwa na jibu tayari: gundi mbovu, mwenye duka amemuuzia iliyopitwa na wakati. Wengi tungesema vivyo hivyo. Gundi ndiyo kitu pekee kilichonunuliwa dukani, kwa hiyo ndiyo hubeba lawama. Lakini kiungo kilichoachia husomeka, na usomaji wake unaanza kwa kutazama nyuso zote mbili kwenye mwanga.

Gundi inaposhika vizuri, kinachokatika ni mbao yenyewe. Utaona nyuzi za kipande kimoja zimebaki zimeganda kwenye kingine. Hapa robo tatu ya uso ilikuwa safi na inang'aa, gundi imebanduka nzima kama ngozi. Hilo ni kosa la uso: mbao ngumu iliyosuguliwa mpaka ikawa kioo, tena siku nyingi kabla ya kugundishwa. Mkole ni mti mzito. Uso wake unataka kukwanguliwa upya kwa ubapa wa chuma au kioo muda mfupi kabla ya gundi, na kufutwa kwa thina au asetoni.

Lakini kulikuwa na ukanda mwembamba, upande wa mgongoni, ambapo nyuzi zilikuwa zimeng'olewa kweli, kuanzia kwenye ile ncha nyembamba ya mshazari. Mpasuko ulianzia pale. Nyuzi zilizong'oka zilionyesha kwamba gundi ilikuwa imeshika pale, na kiungo kikafunguka vilevile. Tundu moja la msumari nalo lilikuwa na ufa unaofuata nyuzi kwa karibu sentimita 3. Tena kile kipande kilichokatwa karibuni kilikuwa kimenywea baada ya kugundishwa, kikaacha mwanya wa kuingiza ukucha upande mmoja.

Makosa yalikuwa mengi kwa pamoja, ndiyo maana kisa hiki kinafaa kufundishia na pia kinapotosha kwa urahisi. Mtu angebadili gundi tu, au aondoe misumari tu, upinde wa pili ungefunguka hivyo hivyo, labda inchi chache mbele zaidi.

Kwa nini mshazari wa mtumbwi haukufaa

Fundi alishangaa: kiungo kile kile kinachobeba mtumbwi wenye samaki na mashine kimeshindwa na upinde! Jibu liko kwenye mteremko.

Nyuzi za mbao zikikutana ncha kwa ncha, gundi hunyonywa mno ndani ya mbao na kiungo hakina nguvu. Ndiyo maana tunakata kwa mshazari, ili nyuzi zilale ubavu kwa ubavu. Kadiri mshazari unavyokuwa mrefu kulingana na unene wa mbao, ndivyo kiungo kinavyokaribia nguvu ya mbao nzima. Mafundi wa mashua huchukua angalau mara nane ya unene. Ubao wa sentimita 2.5 unaungwa kwa sentimita 20, na misumari na ubavu wa mtumbwi vinasaidia nyuma yake. Kwenye upinde, fundi alikata sentimita 10 kwa unene wa 4, yaani mara mbili na nusu tu. Angefuata kipimo chake mwenyewe cha mitumbwi, mshazari ungekuwa sentimita 32 na ungetoka nje ya mshiko hadi kwenye sehemu inayopinda, na hapo ndipo kiungo hakitakiwi kufika.

Kuna jambo la pili, nalo ni mwelekeo. Mshazari unaotoka mgongoni kwenda tumboni huweka ncha yake nyembamba juu kabisa ya mgongo, mahali ambapo upinde ukivutwa nyuzi zote zinanyooshwa. Ncha ile inavutwa ibanduke, na gundi karibu zote zinastahimili kusukumwa pembeni kuliko kubanduliwa kuanzia ukingoni.

Mkia wa samaki wa meno mawili, aina nyingine ya kiungo, unashughulikia yote haya, na kwa maoni yangu ndio wa kujifunza kabla ya mwingine wowote. Meno yake yanakatwa ukiutazama upinde kwa mgongo, kama herufi W. Kipande kimoja kina meno mawili kamili. Cha pili kina jino moja kamili katikati na nusu-jino kila pembeni. Nyuso za gundi ni nne, zikisimama kutoka mgongoni hadi tumboni, na upinde ukipinda nyuso hizo zinasuguana ubavu badala ya kubanduka. Sasa chukua mshiko wenye upana wa sentimita 3.5. W inagawa upana huo mara nne, hivyo kila uso unavuka chini kidogo ya sentimita 0.9 katika urefu wa sentimita 10. Mteremko umekuwa zaidi ya mara kumi na moja, katika urefu ule ule ambao mshazari wa kawaida ulitoa mara mbili na nusu. Eneo la gundi nalo limepanda kutoka sentimita za mraba zipatazo 38 hadi 160. Mkia wa jino moja, wa umbo la V, ungetoa mteremko wa karibu mara sita. Unafaa, ila hauna akiba.

Upinde wa pili: maamuzi

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa mti, na ndio uliochukua muda mrefu kuliko yote. Tulitafuta shina moja la mkole la mita moja na ushee, unene wa sentimita 12, likapasuliwa katikati kwa kabari. Halikupasuliwa kwa msumeno, kwa sababu kabari inafuata nyuzi ilhali msumeno unazikata. Nusu zile mbili ni pacha: zimekula jua moja na upepo mmoja. Zinaungwa zikiwa zimegeuziana, upande wa kitako cha mti wa zote mbili ukikutana kwenye mshiko, ili mkono wa juu na wa chini viwe na tabia ileile kuanzia katikati hadi nchani. Ncha zilipakwa rangi ya mafuta zisipasuke, magome yakatolewa, vikawekwa kivulini mbali na sakafu. Hatukuwa na kipima unyevu. Tulitumia mizani ya samaki: kila kipande kinapimwa, uzito unaandikwa ukutani kwa penseli, na uzito ukiacha kushuka kwa wiki kadhaa, mti umefika mahali ambapo hewa ya hapo inaupeleka. Kando ya ziwa, msimu wa mvua uzito ulipanda tena kidogo, kwa hiyo fundi alikataa kugundisha Aprili hata kiongozi wa kikundi alipomsukuma.

Gundi ilileta ubishi. Duka la vifaa vya boti za faiba lilikuwa na reseni ya poliesta, rahisi na nyingi. Tuliikataa. Poliesta inashika vitambaa vya kioo ndani yake yenyewe, lakini kwenye mbao tupu, hasa mbao ngumu, haishiki vizuri. Tulichukua epoksi ya tyubu mbili, ile inayokauka polepole kwa saa 24. Ya dakika tano huwa dhaifu na hulegea mapema ikipata joto, tena haikupi muda wa kurekebisha. Gundi nyeupe ingewezekana kwa kiungo kilichokaa sawasawa, lakini meno ya kwanza ya fundi yeyote huwa na mianya midogo, na epoksi inaijaza mianya bila kupoteza nguvu sana.

Ukataji wa meno ulifanyika kwa msumeno wenye meno madogo, fundi akibaki nje ya mstari, kisha akimalizia kwa tupa. Jaribio la kukutanisha lilifanywa na masizi ya taa: unapaka upande mmoja, unasukuma, unatoa, unaona palipogusa, unapunguza hapo tu. Kuna hatari hapa ambayo vijana wengi hawaioni. Meno yakikaza pembeni kabla hayajafika kitakoni, ukiyasukuma kwa nguvu unafanya kazi ya kabari, na kipande cha pili kinapasuka.

Kabla ya gundi, vipande vilikutanishwa vikavu na uzi wa nyavu ukanyooshwa kutoka ncha hadi ncha. Uzi ulipita ukingoni mwa mshiko badala ya katikati. Kosa la milimita 1 ndani ya meno ya sentimita 10 linakuwa zaidi ya milimita 8 kwenye ncha iliyo sentimita 85 mbali, kwa hiyo rekebisho lenyewe lilikuwa dogo mno: tupa kidogo kwenye uso mmoja wa jino la katikati na kwenye nusu-jino la upande wa pili. Hapo kazi ilikwenda pole kuliko kawaida ya fundi, naye hakuficha kuchoka kwake.

Kubana hakukufanywa kwa klampu nzito, kwa sababu epoksi ikikamuliwa yote kiungo kinabaki kikavu. Tyubu ya baiskeli iliyochanwa mkanda ilizungushwa kwenye mshiko, na kamba iliyofungwa kwenye ncha zote mbili ikakazwa kwa kijiti ili kuyasukuma meno ndani. Kikaachwa siku mbili ndipo randa ikaguswa.

Matokeo

Upinde ulisawazishwa mpaka inchi 28 bila mlio wowote kutoka kwenye mshiko. Kwenye mizani ya samaki ulivuta kilo 16, zipatazo paundi 35, zinazomfaa mgeni asiye na mazoezi. Ugwe, yaani kamba ya upinde, ulisokotwa kwa uzi wa poliesta, kwa sababu wa nailoni wa nyavu hunyooka mno ukivutwa. Kikundi kiliutumia msimu mzima. Mzee yule aliupiga mishale kadhaa, akasema unavuta laini, hakusema neno kuhusu kiraka.

Baada ya msimu kulionekana mstari mwembamba kama unywele kwenye ncha ya nusu-jino moja, upande wa mkono wa chini. Haukuwa umefunguka, lakini ukiuvuta upinde kidogo na kuweka ukucha pale, ulihisi unapumua. Mikono yote miwili ilikuwa imebaki na mpindo wa kudumu wa karibu sentimita 4, jambo la kawaida kwa upinde wa fimbo tupu. Fundi alidondosha gundi nyepesi ya super glue ndani ya mstari, akafunga mshiko wote kwa uzi wa nyavu uliolowekwa epoksi. Mstari haujaongezeka tangu hapo.

Palipofaa na palipovuja

Umbo la kiungo, vipande pacha na uvumilivu wa kukausha vilifanya kazi iliyotarajiwa. Kati ya hivyo, naweka umbo mbele. Epoksi ileile kwenye mshazari wa mara mbili na nusu isingenipa usingizi.

Mstari ule nauhusisha na mambo mawili. La kwanza ni ombi la mteja. Mshiko ulipokamilika aliuona mnene kwa mikono ya wasichana wa kikundi, fundi akauchonga pembeni kutoka upana wa sentimita 3.5 hadi 2.8. Lilionekana jambo dogo. Lakini ncha za nusu-meno ziko kwenye ukingo kabisa, kwa hiyo milimita 3.5 zilizoondolewa kila upande zilikata asilimia 40 ya urefu wa nyuso mbili za nje: kutoka sentimita 10 zikabaki 6. Eneo lote la gundi lilipungua kwa moja ya tano, na nguvu iliyopotea ilikuwa yote pembeni. Meno yanatakiwa kuchorwa kwa upana wa mwisho wa mshiko. Kipande kipunguzwe kwanza, W ichorwe baadaye.

La pili ni mabega, ile sehemu ambayo mshiko mnene unateremka kuwa mkono mwembamba. Meno ya sentimita 10 yalijaza mshiko wa sentimita 10 bila akiba, na ncha zake zikaishia pale pale bega linapoanza. Upande wa chini fundi aliteremsha bega kwa ghafla, kwa hiyo mpindo ukasogea karibu na meno. Ukiangalia upinde ukiwa umevutwa, unaona mkono wa chini unaanza kupinda mapema kuliko wa juu. Kipi kati ya haya mawili kilizaa mstari siwezi kukitenga, na nadhani vilisaidiana.

Kiasi kimoja cha hasara kinabaki bila dawa, nacho ni muda. Kwa saa zilizotumika kwenye meno, fundi angepasua na kuunga mbao za ubavu mzima wa mtumbwi, na bei ya upinde haikukaribia bei hiyo. Kikundi kimeagiza mwingine hata hivyo. Safari hii mshiko utachongwa hadi sentimita 3 kabla ya kuchora W, meno yatakuwa ya sentimita 9 ndani ya mshiko wa 12, na mabega yatateremshwa kwa sentimita 8 kila upande. Fundi ameongeza bei, na vipande pacha viko kenchini vikipimwa kwa mizani.